Springi za Lumbesa na Mgongo wa Mama Tumaini

Jumatano jioni, Uyole. Baridi ya mwezi wa sita imeingia mpaka kwenye mifupa, na ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Nimekaa karibu na jiko la mkaa, naandika kabla sijaghairi.

Leo nimebadilisha springi za pikapu.

Mnaosoma hapa mnaijua hii gari. Ni ya zamani, mimi ni mwenye nayo wa tano, na ndiyo imenisomeshea watoto kwa kubeba viazi. Miaka mitatu iliyopita niliongeza majani mawili ya springi nyuma, yale mabapa ya chuma, kila upande, ili ibebe lumbesa, yale magunia yanayojazwa mpaka yanaota kichwa juu. Ikiwa na mzigo inatulia kabisa. Ikiwa tupu inaruka kama mbuzi. Mimi nilishazoea.

Mke wangu, Mama Tumaini, kwao ni Iringa. Tangu miaka hiyo akienda kwao anapanda basi. Anasema anapenda kukaa dirishani, anapiga stori na watu. Nilinuna. Nilijua anaionea aibu gari yangu kuukuu. Mwaka jana tulienda msiba wa shangazi yake, siku moja, barabara moja: yeye kwenye basi, mimi nyuma na pikapu tupu.

Naona haya kuandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Leo nilienda kwa fundi Ambokile kwa sababu shokapu za mbele zinavuja. Nilitaka pia aninyanyulie gari na kuongeza jani lingine, maana kuna mtu anataka nimpelekee mizigo Makongolosi, kwenye machimbo. Fundi huyu ana kawaida yake: hashiki spana kabla hajaiendesha gari mwenyewe, na mwenye gari anakaa pembeni.

"Hamia huko," akaniambia.

Tukashika njia ya mashimo inayoenda mashambani. Kiti cha dereva nilishakiwekea godoro, halafu dereva analiona shimo linakuja, anakaza mikono kwenye usukani. Huku pembeni hakuna godoro wala cha kushika. Shimo la kwanza meno yaligongana. La tatu nikajikuta nimeshika paa. Kiuno kikaanza kuwaka moto.

Ambokile anacheka. "Vipi mjomba, mbona umepoa? Hapo anakaaga nani?"

"Mke wangu."

"Anakaa?"

Hapo nikakumbuka.

Ilikuwa sokoni, wiki ile ile nilipofunga hizo springi. Alishuka kwenye gari ameshika kiuno, akaniambia taratibu, "Baba Tumaini, hii gari inaniumiza mgongo." Wapakiaji walikuwa pale, na wale mama wa vitunguu. Nikamjibu kwa sauti, "Hii ni gari ya viazi, siyo ya maharusi! Ukitaka ulaini panda basi." Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuwashinda wote.

Akapanda basi. Alifanya nilichomwambia.

Fundi akanieleza. Nikitaka Makongolosi, aweke springi ngumu na shokapu ndefu. Nikitaka mtu akae vizuri, atoe yale majani niliyoongeza, aweke shokapu mpya laini na bushi mpya, zile raba za maungio, ila lumbesa nisahau, nibebe nusu nusu. "Vyote viwili kwa mkweche huu hupati," akasema.

Nikamwambia atoe. Yule mtu wa machimbo nimempigia simu, atafute gari nyingine.

Saa kumi nilimwomba mke wangu tuende mpaka mashineni na kurudi. Akajifunga kitenge, akapanda. Shimo la kwanza aliwahi kushika kiuno kama siku ile ya sokoni. La pili bado ameshika. Tulipofika kwenye daraja la mbao akautoa mkono, akauweka mapajani. Niliona kwa pembeni, nikajikaza nisilie.

Tuliporudi nilizima gari nikamwambia, "Nisamehe, mama. Sikujua ulivyokuwa unaumia."

Akanigeukia.

"Gari umetengeneza, asante. Mgongo ulishapona siku nyingi. Lile neno lako ndiyo bado. Ulilisema mbele za watu, baba Tumaini. Leo unaniomba msamaha humu ndani, vioo umefunga?"

Hakusema kwa hasira. Aliingia ndani akapika chai, na kikombe cha kwanza kanipa mimi. Hicho kikombe kimenichoma kuliko maneno.

Kesho ni siku ya soko. Amesema atapanda na mimi. Wapakiaji watakuwepo, mama wa vitunguu watakuwepo. Miaka hamsini na mbili sijawahi kumwomba mtu msamaha mbele za watu, na siku ile sauti yangu ilifika mpaka kwenye meza za mwisho.

Kesho nitaweza kuifikisha pale pale?