Kirikuu Haijafa

Jumatatu, 9 Juni

Nimepakia peke yangu. Viti, maturubai, masufuria ya pilau. Msiba Nyololo, wanazika saa nane. Baridi ya kukata masikio, chai nimeiacha mezani. Ndiyo kazi yangu ya kukodisha vyombo: wakioana nipo, wakifa nipo.

Sijafika. Kwenye mlima kabla ya Nyololo mshale wa moto ukapanda, moshi mweupe, gari ikazima. Kirikuu yangu, kigari changu kidogo cha mizigo, kimekwama katikati ya malori ya mbao. Wenye msiba wakatuma pikapu kuchukua vyombo. Hawakunilaumu. Mimi nikavutwa kwa kamba kurudi Mafinga, nimeshika usukani, natukana kimoyomoyo.

Usife wewe. Mwaka huu usife, nakuomba.

Jumanne, 10 Juni

Fundi Ezekia amechomoa kijiti cha oili. Oili imekuwa kama chai ya maziwa. Maji yameingia. Gasketi imeungua, anasema, na huenda kuna zaidi. Lazima injini ishuke, ifunguliwe yote. Kwa gharama aliyoitaja nusura niketi chini. Karibu sawa na bei niliyoinunulia injini yenyewe.

Na injini yenyewe ni ya juzi! Imetumika Japani, nimeinunua Iringa, garantii miezi mitatu. Nimempigia muuzaji. Anaongea taratibu kama anabembeleza mtoto: mama, miezi mitatu ilikwisha wiki jana. Wiki jana! Kwa hiyo ingekufa kabla ya Idi angenipa nyingine. Imeharibika baada ya Idi, ni shauri langu.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda Iringa kumsema usoni. Nimemsema. Wateja wake wawili wakaondoka bila kununua. Injini hakunipa. Roho imepoa kidogo.

Nashuka kwenye basi, simu ya mume wangu. Baba Nasra yuko Mbeya mwaka wa pili sasa, kwenye duka la vitambaa la marehemu baba yake, anaishi na mama yake. Nasra mwenyewe kaolewa Songea. Mimi nimebaki Mafinga na vyombo vyangu. Habari za gari zimeshamfika. Hakuuliza nimekula, hakuuliza nimelala. "Si ulisema mwenyewe?"

Nilisema. Siku ya Idi, Mbeya, mbele ya ukoo mzima, sinia katikati. Yeye ndiye aliyeanza: mke gani anakaa mbali, anaendesha kigari cha mizigo, na mama mkwe anaumwa magoti hana wa kumpikia. Hasira zikanipanda. Sawa, nikasema, siku kirikuu ikifa, nafunga biashara, nahamia Mbeya. Watu wakapiga makofi. Mama mkwe peke yake alikuwa anachambua nyama yake. Mdomo wangu huu, ningeushona.

Lakini nilisema ikifa. Haijafa. Inaumwa.

Alhamisi, 12 Juni

Injini imeshushwa. Nimebeba stuli yangu, chupa ya chai na kitenge cha kujifunika, nimekaa mbele yake. Ukiiacha injini gereji ukaenda zako, utakuja kurudishiwa vyuma vya mwenzio. Kila mtu anajua. Wanaume wote hukaa na injini zao, hakuna anayecheka. Nimekaa mimi, imekuwa kichekesho. "Mama Nasra, unalinda maiti?" Dereva mmoja wa lori, meno yote nje. Nikamjibu kama ni maiti, mbona inakushinda wewe kwa akili. Wenzake wakamzomea yeye.

Kila kifaa kikitoka nakipaka rangi ya kucha. Nyekundu. Bloku, yaani mwili wenyewe wa injini, hedi inayokaa juu yake, pistoni zote. Ezekia kanuna. "Mama, unaniona mwizi?" Nikamwambia bado.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekaa. Baridi. Ezekia anasafisha tu, haendi mbele. Simu yake ikilia anaenda kuipokelea nyuma ya kontena. Sijapenda.

Jumamosi, 14 Juni

Harusi kwa mwenye kiwanda cha mbao. Nilishapokea advansi, siwezi kuwaangusha. Nimekodi guta la matairi matatu, limekwenda na kurudi mpaka faida yote imeishia kwa mwenye guta. Vyombo vimefika, pilau imeiva, bibi harusi kapendeza.

Gereji sikukaa leo. Siku nzima nilikuwa kama nimemwacha mtoto kwa jirani nisiyemjua vizuri.

Jumatatu, 16 Juni

Niandike taratibu.

Asubuhi Ezekia kanipokea na uso wa msibani. Pole, mama. Bloku imepasuka. Haichomeleki, haifai, uza gari kwa spea, kuna mtu atakupa hela leo hii. Akanionyesha ufa. Ufa kweli, ukucha unaingia. Nikaona masufuria yangu yanauzwa. Nikajiona jikoni kule Mbeya naomba hela ya chumvi, mimi ambaye sijaomba hela ya chumvi tangu Nasra anatambaa.

Nikaishika ile bloku. Nyekundu iko wapi? Nikaigeuza. Hamna. Nikaigeuza tena. Hamna!

"Imetoka na petroli," anasema. Thubutu! Rangi ile nasugulia masufuria kwa majivu na inabaki kuchani. Nikainuka nikaenda nyuma, kwenye mataili, kwenye kontena, nafunua kila gunia. Mafundi wote wamesimama. Chini ya turubai bovu, bloku yangu. Nyekundu yake hiyo hapo. Nzima, haina hata mkwaruzo.

Sikupiga kelele. Nadhani hicho ndicho kilichomtisha. Nikamuuliza nani. Akaangalia chini. "Mzee alinipigia." Mzee yupi? "Baba Nasra. Alisema nikwambie imekufa, hasara yangu atanirudishia. Alisema ni kwa heri yenu, familia ikae pamoja."

Mume wangu. Kamhonga fundi aniulie gari.

Nimelia, ndiyo. Nyuma ya kontena, kwa hasira. Kisha nikanawa uso bombani, nikarudi, nikamwambia Ezekia: utaifunga wewe mwenyewe, kwa mikono hiyohiyo, na mimi nimekaa hapa. Ukikataa, kila harusi na kila msiba Mafinga watajua, maana wote nawapelekea viti mimi. Kakubali. Angekataaje?

Jumanne, 17 Juni

Nimeuza makochi. Yale makubwa ya rangi ya maziwa, aliyanunua Baba Nasra, ya kutazamwa na wageni tu. Mwalimu jirani kayachukua. Watoto wake wanarukaruka juu yake tangu mchana, nawasikia. Fedha imekwenda kwenye gasketi, rejeta na kusaga hedi, maana ilipinda kwa moto. Hedi nimeipeleka Iringa mwenyewe, nimeipakata kwenye basi, gauni limeharibika. Sebule tupu. Nikikohoa inaitikia. Safi kabisa.

Baba Nasra anapiga simu, sipokei. Anapiga tena. Aendelee kupiga.

Alhamisi, 19 Juni

Imewaka! Mara ya kwanza ikakohoa, ya pili ikashika, kisha ikatulia tuli. Alhamdulillahi. Nimeizungusha mpaka njia ya Mgololo na kurudi. Moto haupandi, oili safi.

Ezekia kapunguza bei ya ufundi bila kuombwa, hanitazami usoni. Sijamsamehe. Ila kazi anaijua, shetani yule.

Jumamosi, 21 Juni

Nimekwenda Mbeya. Si kwa basi. Makambako, Igawa, Chimala, Uyole. Kila mlima jicho kwenye mshale, na mshale haukuthubutu. Nimeegesha mbele ya nyumba, nikaiacha inanguruma makusudi, majirani wote wasikie.

Baba Nasra katoka na kandambili. Kaitazama gari, kanitazama mimi. Kakonda. Sikutaka kuona kwamba kakonda. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu Makambako, nikayatoa yote, sebuleni, mama yake amekaa pale pale. Simu kwa Ezekia, bloku ya watu, turubai. Na makochi nikamwambia.

Hakukana. Kasema: "Nilitaka tu uwe karibu."

Ungesema hivyo, mwanaume! Mwaka wa pili unaniimbia magoti ya mama. Ningekusikia. Pengine nisingehama, lakini ningekusikia. Nimemwambia hivyo hivyo.

Mama mkwe kashika fimbo, kainuka. Nikajua nafukuzwa, na nilikuwa tayari.

"Hayo magoti mnayogombania ni ya kwangu," kasema. "Nani kaniuliza?"

Kaingia chumbani. Tukabaki tunatazamana kama watoto waliovunja sahani. Katoka na mkoba. Anasema hapa anashinda na redio, mwanawe yuko dukani mpaka jioni, hana hata wa kubishana naye. Harusini hajakanyaga tangu azike mumewe, maana hakuna wa kumpeleka. Na huko Mafinga si anasikia harusi ni kila wiki?

"Mama, kule baridi," kasema Baba Nasra.

"Kanifungulie mlango wa gari."

Kasimama tu, mikono imening'inia. Nimemfungulia mimi.

Jumanne, 24 Juni

Mama mkwe anasema chai yangu ni maji. Anasema nakaanga vitunguu kwa haraka. Anasema sebule bila makochi ni nzuri, anatandika mkeka katikati na kunyoosha miguu. Tumebishana mpaka adhuhuri. Nimefurahi, nisijidanganye.

Jumamosi, 28 Juni

Harusi Nyololo. Mama kaamka kabla yangu, kajifukiza udi, kavaa dera la zambarau ambalo sijawahi kuliona. Nimepakia, yeye kasimamia kwa fimbo: hicho kule, hicho hapa, hilo sufuria litadondoka. Halikudondoka. Kakaa mbele.

Kabla hatujaondoka, simu. Baba Nasra, sauti ya chini. Dukani wateja hamna. Nyumbani kimya. Jana kala mkate, juzi kala mkate. Mama anarudi lini? Nikamwambia muulize mwenyewe, nikampa simu.

Mama kasikiliza. Kasikiliza muda mrefu, anaitikia hmm, hmm, huku anaangalia misonobari. Nilidhani atalegea. Ni mwanawe.

"Njoo wewe," kasema.

Akanirudishia simu. Akaomba mto wa kuweka mgongoni, nikaenda ndani kumletea, tukaondoka.