Barua ya Nyanya Ambayo Sikuiandika Alivyosema

Jumamosi, mwezi wa saba. Hapa Muthara hatujaona jua tangu Jumatano. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni mwa jikoni, na sweta niliyofua juzi bado inatoa maji nikiikamua.

Naandika hapa kwa sababu hakuna mtu wa kwetu anayesoma hii blogu. Wasomaji wangu ni kumi na mmoja, na nadhani wawili kati yao ni mimi.

Nina wivu.

Nimelifuta hilo neno mara tatu, sasa nimeliacha likae.

Ninayemwonea wivu anaitwa Karimi. Mama yake alitoka Ethiopia peke yake akiwa mjamzito, lori likamshusha hapa barabarani kwenye mvua. Nyanya yangu, mama ya baba, alimwingiza nyumbani. Wiki mbili baadaye Karimi alizaliwa jikoni mwa Nyanya, na Nyanya ndiye aliyemkata kitovu. Mama yule hakuwa na mtu wake hapa wa kumtajia mtoto jina, kwa hivyo akampa la Nyanya.

Mimi nilikuja miezi mitatu baadaye. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya babake, na tangu siku hiyo yeye na huyo nyanya huitana ntagu, mwenye jina langu. Si jina tu. Ni kama kuwekewa kiti. Lakini Nyanya alisema jina lake limeshapata mwenyewe, basi nikaitwa Muthoni, jina la mama ya mama, ambaye yuko Siakago na nimemwona mara nne maisha yangu yote.

Kwa hivyo ndizi ya kwanza kuiva huwekewa Karimi. Nyanya akiumwa na mgongo, anayeitwa ni Karimi. Na Karimi akifika anaongea Kimeru cha wazee, anataniana na Nyanya mpaka Nyanya anajifuta machozi kwa leso. Mimi shule ilinipa Kiswahili na Kiingereza. Nikiongea Kimeru, wazee hunijibu polepole kama wanaongea na mtu aliyelazwa hospitali.

Mtoto wa mgeni ni Mmeru kunishinda. Hiyo ndiyo inauma.

Muhula huu mwalimu wa historia alituuliza kama serikali ibadilishe sheria ili wageni walioishi hapa miaka mingi wapewe uraia. Murithi, anayekaa nyuma yangu, alisema wapewe nauli, darasa zima likacheka. Msichana mmoja akasema mipaka yote ilichorwa na wazungu kwa rula, ifutwe. Wakapigiana kelele mpaka kengele ikalia. Mimi niliinamia daftari.

Lakini kwenye insha aliyotupa mwalimu niliandika, na bado naamini. Nchi iwe na mlango, na mlango uwe na mtu wa kuandika majina. Anayeingia aandikishwe, asifukuzwe gizani na asifichwe gizani. Aliyekaa miaka mingi, akalima, akauza, akazika wafu pamoja na sisi, apewe karatasi zake asiishi akikimbia kila gari la polisi. Sipendi wale wa kufukuza wote wala wale wa kufungua kila kitu. Mwalimu alinisifu kwa kutopendelea upande. Nilitembea na hiyo sifa wiki nzima.

Nilidhani mimi ni mtu wa kati.

Mwezi uliopita Karimi, aliyenitangulia darasa moja shuleni, alipata nafasi ya kusomea uuguzi. Chuo kinataka nambari ya kitambulisho, na ili aombe kuandikishwa kuwa raia, ofisi ilitaka barua kutoka kwa mwenyeji anayeijua familia yao tangu mwanzo. Mwenyeji ni Nyanya. Nyanya anajua kuandika jina lake peke yake, kwa hivyo aliniita na karatasi.

Alikuwa anachambua maharagwe akiniambia kwa Kimeru. Niseme huyu mtoto alizaliwa mikononi mwake. Niseme hajawahi kulala nje ya Muthara. Niseme mama yake alifika akiwa na hofu na njaa, na tangu siku hiyo hajamkosea mtu. Mwisho niseme kwamba Karimi ni yeye, na yeye ni Karimi, na anayemkataa mmoja amekataa wote wawili.

Hapo mwisho ndipo kalamu yangu ilisimama.

Niliandika kwa Kiswahili kizuri sana. Niliandika kwamba familia hii imeishi nasi kwa muda. Niliandika kwamba tunaiomba serikali ifuate sheria bila huruma wala chuki, na kwamba ni vyema ichunguze kwanza jinsi mama huyu alivyoingia nchini. Jikoni sikuitaja. Kitovu sikukitaja.

Halafu nikamsomea Nyanya kwa Kimeru changu kibovu yale aliyoniambia yeye, neno kwa neno, nikiwa nimekazia macho karatasi yenye mambo mengine. Akatikisa kichwa akafurahi, akaandika jina lake chini.

Hakuna aliyenituma. Sikupandisha hata sauti. Nilitumia maneno yangu yote mazuri ya insha, usawa na sheria na uchunguzi, kumfungia mtu nje.

Alhamisi Karimi alinisubiri langoni nikitoka shule. Aliniambia chifu, ambaye barua hupitia kwake, ameweka faili yake kando mpaka ijulikane mama yake aliingiaje. Chifu alimwambia barua ni ya mtu mwenye akili, haina upande, na hata wanaowapenda wanaomba uchunguzi. Mama yake hajafungua kioski chake cha chai tangu Jumanne. Amejifungia nyumbani, anaogopa kila pikipiki inayosimama nje.

Nilingoja Karimi anitukane. Hakunitukana. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Muthoni, Nyanya amenichoka?"

Nikasema sijui.

Nimesema uongo mwingi, lakini huo ndio unaonuka.

Tangu Alhamisi hajakanyaga kwetu. Jana mgongo wa Nyanya ulimshika, akaita, na kwa sababu Karimi hakuwako nilienda mimi. Niliwasha moto, nikamkanda na mafuta. Alinishukuru. Kila nilichokuwa nikikitaka nilikuwa nacho, Nyanya peke yake na mimi peke yangu, na yeye alikuwa anaangalia mlango.

Leo kwa maombi ya asubuhi alimwombea baba mdogo, mwanawe, kama kawaida. Baba mdogo yuko Amerika mwaka wa sita, aliingia kama mtalii na hakurudi, na nyumba yetu yote huomba apate makaratasi. Sijawahi kusikia mtu wetu akiomba achunguzwe. Hata mimi huwa nasema amina kwa sauti.

Amina ya leo ilikataa kutoka.

Nilimwambia hapo hapo, kabla hajafungua macho vizuri. Nilimweleza kilichokuwa kwenye barua. Kimeru kilinipotea katikati nikamalizia kwa Kiswahili, naye akaelewa. Nilidhani ataniuliza kwa nini, na nilikuwa nimejiandaa kusema kuhusu jina.

Hakuuliza. Nafikiri amejua miaka yote.

"Lete karatasi nyingine, mwari," alisema. "Na hii utaandika nikiwa nimekaa hapo kando yako."

Nimeiandika. Jikoni imo, kitovu kimo, na ule mstari wa mwisho nimeuandika kama alivyousema. Ameandika jina lake, halafu akanirudishia kalamu akasema niandike na langu, niseme mimi ndiye niliyeandika hii na ile ya kwanza. Jumatatu nitaipeleka mimi mwenyewe kwa chifu, Karimi akiwa hapo, nieleze kwa mdomo.

Bado naamini nchi iwe na mlango. Sijabadilisha insha yangu. Lakini nimegundua mtu anaweza kusimama katikati kwa sababu amepima pande zote, na mwingine akasimama hapo hapo kwa sababu hakuna atakayeona anachofanya kwa mkono wake. Mimi nilikuwa huyo wa pili.

Na wivu haujaisha, nisidanganye. Nyanya amenituma nikamwite Karimi aje kabla ya giza, na tayari najua ni nani atakayekaa karibu na moto.

Ninavaa sweta mbichi, naenda. Nimejizoeza sentensi moja tu, na lazima niimalize kabla hajafungua mlango wote: aliyekuchoka si Nyanya, ni mimi.