Marahaba Ndani ya Nta

Mjukuu wangu Neema,

Huku Spånga hatujambo. Babu yako ameacha kutembelea fimbo. Umeniuliza kwa nini daktari alikukataza kusema ulipouma nta ya kupimia kifaa cha meno yako.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilisomea udaktari wa meno hapa Stockholm. Katika mtihani wangu wa mwisho, mgonjwa niliyepewa alikuwa mzee wa Tanga asiye na meno ya juu. Kwa hofu nilisahau kumwamkia, nikakumbuka akiwa ameshauma nta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Nta ikapinda.

"Kwa nini amesema?" akauliza mwalimu wangu, Mswidi.

"Nimemwamkia. Hawezi kunyamaza."

Nilijua nimefeli. Lakini mwalimu aliniruhusu nirudie, mradi mzee ameze mate kwanza. Akameza, na taya likarudi nyuma lenyewe. Akameza tena, likarudi palepale. Taya lilijua mahali pake siku zote, likisubiri tu sisi tunyamaze.

Siku alipovaa meno mapya, mzee hakuomba kioo.

"Haya," alisema, "niamkie tena."

Akupendaye,
Bibi