Bei Aliyonitajia Fundi Komora

Jumatatu, 6 Oktoba

Tumevuka mto, mimi na wanawake wenzangu wa maziwa, kwa mtumbwi wa kukodi tena. Safari tatu badala ya moja. Dumu moja la maziwa limepinduka, nusu imekwenda kwa mamba. Kufika Garsen jua liko juu, mwenye hoteli ameshanunua kwa mwingine. Akaniambia nikiendelea kuchelewa hivi nisijisumbue kuja.

Boti yangu imelala Golbanti kwa fundi Komora, tumbo juu. Mbao tatu za chini zimeoza. Nataka pia nyuma iongezwe unene nifunge mashine, maana mto ukijaa kasia si kitu. Mbao na misumari nimenunua mwenyewe. Ufundi peke yake, kaniambia elfu kumi na nane. Kumi na nane! Nimemkatakata hadi kumi na tano. Akakubali haraka. Haraka mno. Nimerudi nyumbani nimeshinda lakini sina raha.

Jumanne, 7 Oktoba

Shemeji Barisa, ndugu ya marehemu mume wangu, amecheka mpaka akakohoa. Eti mambo ya boti ni ya Wapokomo kama Komora, sisi Waorma huingia macho yamefumba. "Wamekukamua, shemeji." Yeye mwenyewe hajawahi kutengeneza boti maisha yake yote. Lakini neno limeniingia.

Ng'ombe namjua. Namtazama meno, namshika nundu, namzunguka mara moja, bei nimeshaipata. Boti haina meno. Elfu kumi na tano ni ya nini? Ya siku? Ya jasho? Ya kujua? Sijui hata niulize nini.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeuliza watu. Kosa.

Fundi wa vitanda wa Tarasaa: elfu kumi inatosha, mbao ni mbao. Yule wa Kipini aliyeniuzia mashine, kwa simu: kwao ni zaidi ya thelathini, na fundi wangu ana shida gani? Mzee mmoja wa Kulesa alilipa kwa mpunga na hakumbuki magunia mangapi.

Kichwa kinaniuma. Na huyo Komora leo asubuhi nzima alikuwa anagongagonga boti kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, hajapiga hata msumari mmoja. Na hiyo pia nailipia?

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimepata njia. Rebeka, anayeuza ndizi karibu nami sokoni, ni Mpokomo. Tumekaa pamoja miaka. Mwanangu Godhana akiwa mdogo alikuwa akila kwake kama kwao. Nimemwomba Jumatatu apite kwa Komora, aseme boti ya kaka yake imeoza kama yangu, aulize ufundi ni pesa ngapi. Akitajiwa chini ya yangu, basi nimejua.

Akanitazama. "Na ukishajua, utafanya nini?"

Nitaitoa boti yangu palepale, hivyo hivyo nusunusu, watu wakiona. Wallahi nitaitoa. Rebeka akacheka, si cheko la kufurahi. Akasema ataenda.

Jumatatu, 13 Oktoba

Elfu ishirini na tano.

Nimemfanya Rebeka arudie mara mbili. Komora alipiga boti yangu kwa kiganja, akamwambia kazi kama hii hii, mbao tatu na nyuma ya mashine, ni ishirini na tano na hapunguzi. Mpokomo mwenzake!

Sielewi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, sasa hasira haina pa kukaa. Nimepika chai nikasahau majani. Nimekunywa hivyo hivyo.

Jumanne, 14 Oktoba

Rahisi ghali. Hakuna mtu wa kuacha elfu kumi bure, tena kwa mtu asiye wake. Basi ananifanyia kazi ya rahisi. Misumari yangu kabadilisha, kapiga mifupi. Pamba ya kwenye maungio haikushindiliwa, imewekwa tu machoni pa mtu. Tukifika katikati ya mto, wanawake wote ndani na madumu yao, inafunguka.

Nimekwenda mapema kukagua. Nimepitisha kidole kila ungio. Nimeuchokonoa kila msumari kwa kucha mpaka kucha imevunjika. Pamba imejaa. Sikuona kasoro hata moja, na hilo ndilo limenitisha zaidi.

Komora alinitazama tu akaendelea na randa yake.

Maji yamepanda. Huko juu mvua imeshaanza, wanasema. Wanawake wananiuliza boti lini. Nawajibu kwa ukali bila sababu.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimelipuka. Mbele ya watu waliokuwa wakisubiri kuvuka. Nikamwambia fundi, umenificha nini? Rebeka ishirini na tano, mimi kumi na tano, kwa nini?

Hakushtuka kwamba nilimtuma mtu. Aliweka nyundo chini taratibu.

"Mama Godhana, bei ni ishirini na tano. Yako niliipunguza kabla hujafungua mdomo. Nilijua nikiitaja yote utasema Mpokomo amekukamua. Halafu ukapunguza tena juu yake."

Nikamuuliza mbona hakukataa.

"Ningekataa, ungesema vilevile."

Nimeondoka bila kuaga. Nimekasirika kwamba alinidhania hivyo. Nimekasirika zaidi kwamba hakukosea. Na yeye pia mpumbavu, nani alimtuma anihukumu kabla sijasema neno? Aliniogopa, mimi nikamwogopa, tukakutana kwenye kumi na tano. Sasa hiyo ni bei au ni nini?

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimeuza mbuzi nikampelekea ile elfu kumi. Amekataa. Tulishakubaliana, anasema, na yeye si mtu wa kupewa sadaka. Sadaka! Nikaiacha juu ya mbao nikaenda zangu sokoni. Kabla sijamaliza maziwa Rebeka akanirudishia, imekunjwa vilevile.

Rebeka amechoka na sisi. Lakini ameniletea ujumbe. Komora anasema kama nataka kumlipa, basi watu wangu wakiniuliza niwatajie bei ya kazi. Si niliyolipa. Bei ya kazi. Asije mwingine akaanzia kumi na tano kushuka chini.

Malipo gani hayo? Watanicheka kijiji kizima. Bora angechukua pesa. Nimewaza jioni yote na sijui kama ameniomba kitu kidogo au kikubwa.

Jumapili, 19 Oktoba

Boti imeshushwa majini. Imekaa sawa. Nimemlipa Komora zile kumi na tano, akahesabu mbele yangu, akanishukuru kwa adabu. Nilitamani anitukane.

Jumatatu, 20 Oktoba

Tumevuka mara moja, madumu yote, wanawake wote. Mto umejaa mpaka kwenye mikindu. Mashine ilivuta, nyuma haikutikisika. Garsen tumefika mapema.

Barisa alikuwa nasi, anakwenda kununua dawa ya ndama. Anataka kumpelekea Komora mtumbwi wake uliopasuka. Tulipofika katikati, mbele ya wote, akaniuliza mwishowe ufundi ulikuwa pesa ngapi.

Nikasema kazi hii ni elfu ishirini na tano, na hapunguzi.

Akafyonya. "Si nilikwambia? Wamekukamua, shemeji." Wanawake wakaniangalia kwa huruma. Mmoja akanishika bega, pole mama Godhana. Maneno yalinijaa mdomoni: nimelipa kumi na tano, mimi, kwa ulimi wangu mwenyewe, hakuna anayeniweza kwa bei. Nikayameza.

Sijui kama hiyo ndiyo haki. Niliinama nikapapasa mbao za chini, zile tatu mpya. Zilikuwa kavu.