Nilimshona Mgombea Mwenza Makalioni, Sasa Anakuja Kuposa

Kwako Dada Shamima wa ukurasa wa ushauri,

Salamu nyingi kutoka Kendu Bay, sisi hatujambo ila mvua hii ya mwaka huu wa tisini na saba ambayo imekataa kusimama, na barua hii naiandikia juu ya cherehani yangu kwa sababu nikiiandikia nyumbani mzee wangu ataisoma, na ninakuomba unijibu upesi, maana Jumamosi ya kwanza ya Desemba ama nitapiga vigelegele ama nitajificha chini ya kitanda, na kwa mwili huu wangu, dada, chini ya kitanda sitoshi.

Kwanza unijue. Mimi ni Mama Joyline, fundi wa nguo. Shule niliachia darasa la saba lakini mkono wangu umesoma mpaka chuo kikuu, sare za shule tatu hapa ni mimi nashona, kaptura yangu mtoto atakua aiachie mdogo wake na mdogo wake aiachie mwingine, watoto ndio watachoka, siyo kaptura. Nashonea kwenye veranda ya duka la vitambaa la Sharif, tumekaa naye miaka kumi na moja bila ugomvi. Na huyo Joyline ninayeitwa kwa jina lake ni kifungua mimba wangu, ni mwalimu wa hesabu na fizikia shule ya sekondari huko upande wa Magunga, fizikia, dada, ile ya umeme, na ni mtoto wa kike! Siku ya kufuzu kwake alivaa lile joho jeusi, nikaligeuza kidogo nione mshono wa ndani, yawa, limeshonwa kama gunia, nikamwambia vua nikurekebishie hapa hapa, akaniambia, "Mama, ni la kukodi." Mtoto mwenye heshima hivyo.

Sasa shida yangu. Sisi hapa ni watu wa chama cha Mtungi na wapinzani wetu ni watu wa Nyundo, na mwezi wa tisa mgombea urais wa Nyundo alikuja Homa Bay akapanda jukwaani akainua mkono wa Mheshimiwa Maroa, akasema huyu ndiye mgombea mwenza wangu, nikiingia Ikulu yeye ni makamu. Najua karatasi ya kura haina mahali pa makamu, mzee wangu alinieleza, lakini mkono ukiinuliwa mbele ya watu umeinuliwa. Tulicheka mpaka tukashikana. Maroa! Mtu amevaa shati za vyama vitatu tangu tisini na mbili, mtu ambaye akihutubia hata kipaza sauti kinasinzia, kweli katika Kenya hii yote hawakuona mwingine?

Mimi ndiye mwenyekiti na mtunzi wa kikundi cha Chuny Achiel, maana yake Moyo Mmoja, wamama arobaini, na hakuna kikundi kinachotupita kutoka hapa mpaka Migori, hilo uliza mtu yeyote. Wimbo ulinijia mguu ukiwa kwenye cherehani:

Nyundo wamenunua gari, spea haina upepo,
Likipata pancha Rongo, mtasukuma mpaka Nairobi!

Ungekuwa wimbo peke yake labda nisingekuandikia. Lakini mimi ni fundi, dada, mkono wangu hautulii. Sare zetu ni za njano, basi nikanunua kitambaa cheusi kwa Sharif, nikakata maduara arobaini kama tairi, kila tairi nikalidarizi MAROA kwa uzi mweupe, herufi zimenyooka utadhani mashine imechapa, na nikayashona nyuma ya kila gauni, pale pale mahali pa kukalia. Tukifika kwa kiitikio tunageuka wote arobaini, tunawapa watu mgongo, na tunalitikisa tairi. Homa Bay watu walianguka! Mpiga picha wa gazeti akatupiga tukiwa tumegeuka. Wimbo ukafika Uriri, ukafika Migori mjini, watoto wa nasari wanauimba, hata watu wa Nyundo wenyewe nimewapata kisimani wakiuimba polepole.

Sasa Joyline alikuwa na mchumba, mwalimu mwenzake wa kilimo, anaitwa Werema, Mkuria wa kule karibu na mpaka wa Tanzania. Alikuja hapa mwezi wa nane, akanisalimu akiwa mbali na macho yake chini kama mkwe anavyotakiwa, akanywa uji vikombe vitatu, halafu bila kuambiwa akainama akaangalia kwato la ng'ombe wangu aliyekuwa anachechemea akalitibu. Wengine wakaniuliza kwa nini Mkuria, nikawaambia mtu aliyeshika kwato la ng'ombe wangu ni mtu wangu, nyamazeni. Nikampenda kabisa. Wiki mbili zilizopita Joyline akaja na furaha yake.

"Mama, watu wa Werema wanakuja kuposa Jumamosi ya kwanza ya Desemba."

"Waje, wakaribie! Nani anawaongoza?"

"Baba yake mdogo. Ndiye alimlea na kumlipia karo baba yake alipokufa. Ana kampeni kila mahali, lakini siku hiyo moja ameitenga."

"Anaitwa nani, nijue nampikia nani?"

"Maroa."

"Akina Maroa ni wengi."

"Mama. Maroa yule wa spea."

Na akacheka, dada, mtoto wangu akacheka! Akasema, "Huko shuleni wanafunzi wanauimba huo wimbo mpaka Werema anatoka nje. Sijui hata ni mwendawazimu gani aliutunga."

Nikamwambia, "Dunia ina watu, mwanangu."

Yeye hajui. Yuko Magunga, barabara imekatwa na maji, hajawahi kutuona tukicheza, na gazeti lilionyesha migongo tu. Na wewe unajua kwetu mkwe ni mtu wa kuheshimiwa, hatajwi ovyo, huli mbele yake, humpi mkono, hata kiti alichokalia wewe hukikalii. Sasa mimi, dada, nimemkalia yeye mwenyewe miezi miwili, mimi na wamama thelathini na tisa wengine!

Nikamwendea Teresa, katibu wa kikundi. Akaniambia, "Mama Joyline, unaogopa nini? Ile picha haina uso hata mmoja. Ni makalio tu. Nani atajua ni ya nani?"

"Yangu yanajulikana, Teresa."

"Basi sema tuliazima nguo."

Sharif alikuwa anapima kitambaa na alikuwa anasikia yote. Akasema, "Mimi niliuza mita kumi za cheusi, na wewe ulishonea hapa kwangu mchana kweupe. Sitamwambia mtu. Lakini nikiulizwa, mama, uongo siusemi, kesho ni Ijumaa."

Nikajaribu kufumua gauni langu. Wuoyi! Njano yote imepauka kwa jua, lakini palipokuwa na tairi pamebaki panang'aa kama siku ya kwanza, duara kamili, na ukisogea karibu bado unasoma MAROA kwa matundu ya sindano. Nikawaambia wamama siku hiyo tuvae nguo zetu za kawaida, wakakataa katakata, wanasema Joyline ni mtoto wa kikundi na sare ni hiyo moja. Nikamwambia mzee wangu, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mdomo ulikuwa wako na sindano ilikuwa yako," akaenda kuangalia ng'ombe.

Wakubwa wa Mtungi nao wamesikia mkwe ni nani, wakaja mpaka kwenye veranda kuniambia nikimwomba Maroa msamaha nimekiuza chama, Nyundo wataitangaza habari hiyo kila soko mpaka siku ya kura. Na ukweli wenyewe, usinichape, wimbo bado naupenda, sijawahi kutunga mwingine kama huo.

Lakini Joyline hajawahi kunisumbua kwa kitu, karo yenyewe alikuwa anasubiri nishone mpaka itimie, na sasa ameniomba kitu kimoja tu, alinishika mkono akiondoka akaniambia, "Mama, siku hiyo ongea kidogo." Nikikosea mtoto wangu atakosa mume kwa sababu ya tairi. Nifuate ya Teresa ninyamaze? Nimwambie Joyline? Mshenga wetu ni Nyangi, Mkuria aliyeolewa hapa kwetu, mwanamke mzuri, lakini hata yeye naogopa kumtuma. Nisaidie, dada yangu.

Mimi Mama Joyline, Kendu Bay.

(Usiandike jina langu. Ama andika tu, watajua.)

*

Mama Joyline,

Nimecheka mpaka chai imemwagikia barua yako, na mhariri amekuja kuuliza kuna nini huku. Sasa nimemaliza kucheka. Keti tuzungumze, na tafadhali usimkalie mtu.

Ya Teresa yaweke kando. Wewe mwenyewe umekiri makalio yako yanajulikana, mji mzima umeyaona yakitikisika, halafu unataka kumwambia mkwe kwamba uliazima nguo? Uongo huo hautakaa kwako. Joyline ataubeba mpaka kwa mumewe, na siku utakapofumuka, ataulizwa yeye, si Teresa.

Unaogopa Maroa. Mimi ningekuwa wewe ningemwogopa Joyline. Alikuuliza kwa kicheko ni mwendawazimu gani aliyetunga wimbo ule, nawe ukamjibu kwamba dunia ina watu. Aibu! Mtoto aliyesubiri karo itoke sindanoni hastahili kusikia habari za mama yake kutoka kwa wanafunzi wake. Barabara imekatwa? Zunguka. Panda bodaboda mpaka maji yalipo, vua viatu, vuka. Mwambie kabla hujamwambia mtu mwingine, naye atamwambia Werema. Kijana aliyeinama kushika kwato la ng'ombe wako bila kuombwa hatashindwa kukusikiliza.

Kisha mtume Nyangi kwa Mheshimiwa. Mila imekupa mshenga ili ya mdomoni kwako yasifike kwa mkwe yakiwa mabichi, sasa kwa nini umwogope? Aseme hivi, wala asiongeze: "Mama Joyline ndiye aliyetunga wimbo na kushona tairi. Kura yake ni ya Mtungi na itabaki ya Mtungi. Lakini kukukalia hakukuwa adabu, na kwa hilo anakuomba radhi." Hapo umeuza chama gani? Wale wakubwa waambie Desemba ina Jumamosi nyingine za siasa, hii ya kwanza ni ya Joyline. Wao hawakukusaidia karo. Na Nyangi awaambie watu wa Werema vilevile, kofia za Nyundo zibaki nyumbani.

Sasa nikuchape kidogo, ingawa umenikataza. Mgombea akiinua mkono wa mtu akasema huyu ndiye makamu wangu, una haki ya kuuliza ni nani, amefanya nini, na kwa nini anahamahama vyama. Ulize kwa sauti, ulize kila soko! Lakini tairi lako liliuliza nini? Wewe unataka mume wa Joyline apimwe kwa kazi ya mikono yake, baba yake mdogo ukampima kwa usingizi wa kipaza sauti. Na kama Mtungi ndio wangekuwa wameuinua mkono ule ule, Mama Joyline, Maroa ungemshona kifuani, tena kwa uzi wa dhahabu. Umeniambia amevaa shati za vyama vitatu. Hukuniambia kama mojawapo lilikuwa lenu. Nami sikuulizi.

Ya sare ni kazi yako, sijui kwa nini unaniuliza mimi. Fumua zote arobaini. Nunua kwa Sharif kitambaa cha maua, kata maduara makubwa kidogo kuliko yale, na ushone ua juu ya kila alama. Mtang'aa kuliko mlivyong'aa Homa Bay, na wamama watajidai kwamba ndiyo mitindo.

Na vile vitambaa vyeusi usivitupe, usivichome. Viunganishe vyote arobaini, majina yawe ndani, vijaze pamba, ushone takia moja zuri kwa ule mkono wako uliosoma mpaka chuo kikuu. Liweke kwenye kiti cha Mheshimiwa, na kabla hajaketi Nyangi amwambie limeshonwa kwa vitambaa gani. Arobaini wamemkalia, naye akae juu ya arobaini. Akicheka, umepata mkwe. Asipocheka, angalau ameketi mahali laini, na anayeketi mahali laini huondoka kwa shida.

Baada ya hapo timiza ombi la mtoto. Ongea kidogo. Pika, piga vigelegele, nyamaza, mtazame Joyline akitazamwa.

Na wimbo usiimbwe. Lakini nawajua wanasiasa, jina lao hulipenda hata likitukanwa. Ukisikia Nyangi anakuja jikoni kusema Mheshimiwa mwenyewe anaomba kuusikia, basi toka na wamama wako uimbe, sauti yote. Ila safari hii, kwenye kiitikio, msigeuke.

Shamima