Anime Isiyo na Kasoro

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, pamoja na za wenzangu wa kwa dobi, ambao hawakujui ila kwa sifa ninazokumwagia. Mimi ni mzima, mikono tu ndiyo imebabuka kwa mvuke wa pasi. Ningekuuliza hali yako na ya Mama, lakini jibu lako nalijua tayari: hamjambo nyote, Mama anakula vizuri, anacheka, ananisalimu sana. Jibu hilo halijawahi kubadilika hata kidogo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Pale tunapokunjia mashuka kuna mwenzangu tunamwita Miwani. Anapenda anime, zile katuni za Kijapani, kama mimi, ila yeye hutazama kama mkaguzi aliyetumwa. Juzi alitangaza kwamba tangu watu waanze kuchora, hakuna anime hata moja isiyo na kasoro. Hii mwisho wake umeharakishwa, ile vidole vimechorwa kama karoti, nyingine inavutwavutwa mpaka mtu unazeeka ukisubiri pambano moja. Nikamwambia ipo. Unaijua: ile ya msichana fundi kengele na bibi yake, uliyonijazia kwenye flashi siku ninaondoka nyumbani, ukaniapia kwamba hiyo haina doa. Kila nikikumbuka nyumbani, naifungua hiyo.

Miwani alicheka mpaka akavua miwani. Akasema hata hiyo ina kasoro, tena kubwa: kipindi cha tisa kinamliza mtu makusudi, pale bibi anapoanza kumsahau mjukuu wake na kumwita kwa jina la jirani. Nikamwambia aache uongo, hakuna kitu kama hicho. Akaniuliza, basi ule uzi mwekundu mkononi mwa bibi ulitoka wapi? Kaka, uzi huo upo. Uzi ule nimeuona mara nyingi mno, siku zote nikidhani ni pambo tu.

Kwanza nilimshuku Miwani, maana yule ili ashinde ubishi anaweza kuapa kwamba maji yanapanda mlima. Kisha nikaishuku flashi, labda imeharibika. Lakini vipindi vyangu vimepangwa vizuri, cha nane kinafuatwa na cha tisa, ila vyake vimezidi vyangu kimoja. Kitu kikiharibika huacha pengo, hakijipangi namba upya. Na mtu ninayemjua, anayeshinda dukani akiwajazia watu filamu na kubadilisha majina ya mafaili huku anapiga soga, ni mmoja tu. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Nikaazima flashi ya Miwani. Nimekitazama kipindi kile, kaka. Msichana anamfunga bibi uzi mkononi ili kila akiuona akumbuke kwamba ana mjukuu. Ndipo nikaelewa kwa nini, katika vipindi vinavyofuata, kila wakiamka yule msichana hutangulia kutaja jina lake mwenyewe kwa sauti. Miaka yote hiyo niliona ni majivuno ya kitoto. Kumbe anamtajia bibi, ili alirudie bila aibu.

Basi masikio yangu yakafunguka. Kila nikipiga simu, wewe ndiye unayepokea. Wewe hulitaja jina langu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, ndipo Mama naye analitaja. Baada ya hapo ni "mwanangu" tu, mpaka tunaagana. Mwezi uliopita ulikwenda kuzima jiko, akaniuliza kwa upole namtafuta nani. Uliporudi ukaangua kicheko, ukasema siku hizi Mama amekuwa na utani. Nami, mjinga mie, nikacheka.

Maradhi ya Mama yalikuwa yameshaanza kabla sijaondoka, sivyo? Ulijua ningekitazama kile kipindi ningemtambua Mama ndani yake, nisingekwenda popote. Nimekukasirikia sana. Halafu nakufikiria ulivyomuuguza peke yako, huku ukinichekesha kwenye simu, hasira zote zinaniishia.

Sasa itazame bahasha hii. Haina stempu. Nimeipitisha chini ya mlango, nami nimekaa hapa ngazini na begi langu. Nimeandika kwa sababu tukionana kwanza utanitania, nisahau kilichonileta. Salamu za Mama nitampa mwenyewe. Futa machozi, unifungulie, ila nakusihi jambo moja: leo usitangulie kulitaja jina langu. Mwache anitazame. Akiniita kwa jina la jirani, nitaitika.

Wasalaam,
Ni mimi mdogo wako, hapa mlangoni.