Mama, Mchicha Ule Haukutoka Bustanini Kwako

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotuacha, na kuna jambo ambalo hatukuwahi kukwambia kwa midomo yetu. Ulilijua. Nasi tulijua kwamba umelijua. Lakini aliyekosa ndiye anayepaswa kusema, na sisi tulinyamaza mpaka ukazikwa.

Tuanze na mema, maana ni mengi.

Ulikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na minne. Chumba chako cha kazi kilikuwa chini ya ngazi za jengo letu, na dirisha lake lilitazama uwanja wa nyuma, ambako kila mpangaji alitupa alichochoka nacho: magodoro, masinki yaliyopasuka, maganda ya jikoni. Siku daktari alipokwambia kwamba sukari imepanda na vidonge peke yake havitatosha, ulirudi ukakaa kwenye cherehani, ukatazama nje, ukasema, "Kumbe dawa yangu imelaliwa na magodoro." Kesho yake ulishika koleo. Ulikuwa na miaka hamsini na minane.

Ukapanda mchicha, spinachi, bamia, figili na nyanya. Beseni la kuogea lililotupwa ulilijaza udongo, likawa la vitunguu. Ulidai maganda ya kila jiko kwa ajili ya mboji, na aliyekuletea maganda yenye mfuko wa plastiki ndani alirudishiwa mzigo wake mlangoni, mbele ya wageni wake.

Ulikuwa na ulimi. Dereva wa lori wa ghorofa ya pili ulimwambia mbele ya mkewe: "Baba, tumbo lako limeshafika sokoni, wewe bado uko ngazini." Alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu hapo akawa anashuka kila jioni kuchukua fungu lake, na mwaka haukwisha kabla hujampunguzia suruali zote kiunoni. Watu walikuita Bibi Dozi, kwa sababu hukuwa unagawa mboga, ulikuwa unawaandikia watu dozi kama daktari: "Wewe spinachi mara tatu kwa wiki. Wewe punguza chumvi kwanza, ndipo uje tuongee." Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya tatu alipolala kwa presha, ulimpandishia mboga kwa miguu yako wiki tisa, kila siku, na ngazi zile unazijua.

Ulizungumza na mimea ukidhani hatukusikii. Bamia uliziita "wanangu" kwa sauti ambayo sisi wanao hatukuwahi kuipata. Hilo nalo tunalisema kwa upendo.

Kisha msumari ukakuchoma mguu bustanini, na kidonda cha mwenye kisukari hakina haraka. Ukalazwa. Wiki ya pili ya kulazwa kwako, kamati ya jengo ikaitisha mkutano. Magari yalikuwa yameongezeka, na yaliyolala barabarani yalikuwa yananyofolewa vioo vya pembeni. Hoja ilikuwa moja: uwanja wa nyuma umwagwe zege, uwe maegesho.

Mwalimu ndiye aliyesimama wa kwanza. "Mboga zinauzwa sokoni," alisema. "Nafasi ya gari haiuzwi popote." Walimpigia makofi. Dereva wa lori alitazama viatu vyake, kisha akanyoosha mkono pamoja na wenzake.

Nyumba kumi na tisa zilikubali, nne zilikataa. Mama, nyumba yetu ilikuwa katika zile kumi na tisa. Kifungua mimba wako alikuwa amenunua gari miezi miwili kabla, naye ndiye aliyenyoosha mkono. Mimi, binti yako, nilikuwa nimekaa ubavuni mwake na sikumshika. Na kura yetu haikuhitajika. Tungekataa tungeshindwa tu, na leo tungekuwa na neno la kusema mbele yako.

Zege lilimwagwa kwa siku mbili. Hatukuvuna kwanza. Bamia zilifukiwa zikiwa na maua.

Tulikubaliana tusikwambie mpaka upone. Tulisema ni kwa ajili ya afya yako. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa na vituo vitatu: sokoni, jikoni, wodini. Nilinunua mchicha, nikakata kamba aliyofungia muuzaji, nikaupika bila chumvi kama ulivyotaka, nikakuletea.

"Umechuma mwenyewe?" uliniuliza siku ya kwanza.

"Nimechuma mwenyewe, Mama."

"Wa tuta gani?"

"La ukutani."

"Aa. Huo ndio mtamu."

Ulikula wote. Siku ya pili ukamgawia mgonjwa wa kitanda cha jirani. "Onja," ulimwambia, "hii ni kazi ya mikono yangu." Yule mama akaonja, akakusifu, ukatabasamu kama bibi harusi, na mimi nikashika bakuli nikaenda kuliosha hata kabla mchicha haujaisha.

Wiki tano hivyo. Mara moja tu uliacha kutafuna. "Leo una mchanga."

"Samahani Mama, sikuosha vizuri."

"Udongo wangu hauna mchanga," ulisema. Ukanitazama kidogo, ukameza, ukaendelea kula. Hukuuliza zaidi. Nami, kwa upumbavu wangu, nikadhani nimevuka.

Siku ya kuruhusiwa, Kaka alikuja kukuchukua kwa gari lake. Sijui kwa nini hakusimama mbele ya jengo. Labda mazoea. Alizunguka nyuma, akaegesha kwenye nafasi yake, ya nne kutoka kona, akakufungulia mlango. Ulishusha mkongojo, ukagonga zege. Ukagonga tena.

"Hapa ni wapi?" uliuliza.

"Nyumbani, Mama," alisema Kaka.

"Mwanangu, nimekuuliza hapa ni wapi."

Uligeuza shingo ukautafuta ukuta, ukauona, na chini yake ukaona tairi za gari la mtu. Ukapanda ngazi mwenyewe, ghorofa nzima, ukikataa mikono yetu yote miwili miwili.

Hukulia, wala hukututukana. Laiti ungetutukana. Kila nilipokuwekea sahani ya mchicha mezani, uliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza saa: "Wa tuta gani?" Tukinyamaza, uliisogeza sahani kando. Asubuhi na jioni, miezi mitatu. Ulianza kutia sukari kwenye chai, vijiko vitatu, ukikoroga taratibu huku unanitazama. Nilipokuzuia mkono ulisema, "Dozi yangu naijua."

Mwalimu alikuja kukujulia hali na mfuko wa machungwa.

"Pole sana, dada."

"Nimeshapoa. Presha yako vipi?"

"Imenipanda tena, dada yangu. Hata ngazi sasa..."

"Mboga zinauzwa sokoni," ulimjibu.

Hatujui nani alikufikishia maneno yake. Aliacha machungwa, akasahau kofia.

Kidonda kikafunguka upya. Walikata vidole, kisha unyayo, kisha wakasema hawana tena pa kukata. Ulifariki Jumanne asubuhi. Nilikuwa nimekushika mkono. Ulifumbua macho, ukanitambua, ukageuzia uso wako ukutani.

Baada ya mazishi tulifungua droo ya cherehani yako. Tukakuta vifuko vidogo vya vitambaa, umevishona mwenyewe, kila kimoja kina mbegu na kimetariziwa jina: mchicha, bamia, figili, nyanya. Juu ya vifuko palikuwa na karatasi yenye mwandiko wako: "Za wanangu. Pandeni."

Tulilia, Mama, mpaka majirani wakaja kutazama. Tulisema, ametusamehe. Kaka aliondoa gari kwenye ile nafasi ya nne, akalilaza barabarani, na wiki haikwisha likanyofolewa vioo vyote viwili. Hakujali. Alipanga makopo kumi na mawili ya rangi juu ya zege, akayajaza udongo mweusi, tukapanda. Wajukuu zako waligawana zamu za kumwagilia. Wiki mbili, hakuna kitu. Wiki nne. Kaka alikuwa anachuchumaa kila asubuhi kabla ya kazi, anapekua udongo kwa kidole kimoja, anaurudishia.

Wiki ya sita mama mdogo alikuja kututembelea, akatukuta tumeinamia makopo.

"Mnatafuta nini humo?"

"Mbegu za Mama," alisema Kaka. "Zinachelewa kuota."

Mdogo wako aliketi kwenye ukingo wa zege.

"Hazitaota," alisema. "Alizikaanga. Kikaango kikavu, moto mdogo, zisibadilike rangi. Mimi ndiye niliyemwashia jiko. Nilimwambia, dada, hao ni wanao. Akasema, 'Ndiyo, ni wanangu. Mimi walinifanya nisubiri kurudi kwenye kitu ambacho hakipo. Na wao wasubiri.'"

Wajukuu walitutazama sisi wakubwa, wapate kujua wafanye nini. Kaka alikuwa ameshika kopo la maji. Aliuliza, "Alikuwa na hasira?"

"Hapana," alisema mama mdogo. "Alikuwa mtulivu kabisa."

Basi Kaka akamalizia kumwagilia makopo yaliyobaki. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Kamati imemwandikia barua mbili ayaondoe. Anamwagilia hadi leo.

Unakumbukwa na mwanao wa kwanza na mkewe, binti yako aliyeandika haya, wajukuu zako watatu, na mdogo wako, ambaye bado anakutetea. Majirani wa jengo waliomba majina yao yawekwe hapa. Tumekataa.

Hatutakusahau kamwe, Mama. Ulihakikisha.